Motokaa ya Kale: Tazama Bati na Karatasi Kabla ya Injini

Mkulima aendaye mnadani kununua ng'ombe wa maziwa hatazami rangi ya ngozi tu. Hufungua kinywa cha mnyama akaona meno, hushika kiwele, humtembeza aone kama anachechemea, tena huuliza ametoka kwa nani na kwa nini anauzwa. Lakini mkulima huyo huyo, au mwanawe afanyaye kazi Nairobi, akionyeshwa motokaa ya kale iliyopakwa rangi mpya, husahau busara yake yote. Husikia injini ikinguruma, huona viti vimeshonwa upya, akatoa fedha siku ile ile. Miezi mitatu baadaye motokaa imelala mbele ya nyumba juu ya mawe manne, na fedha za karo zimekwisha.

Makala hii ni yako wewe unayetaka kununua motokaa ya kale kwa mara ya kwanza, hasa ikiwa unakaa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi iitwayo Eastlands, au una ndugu huko wa kukutafutia. Neno tunalotaka ulishike ni hili: injini mbovu hutengenezeka, lakini bodi iliyoliwa na kutu na karatasi zisizo halali ni hasara isiyo na mwisho. Basi tazama bati na karatasi kwanza. Injini itafuata.

MOTOKAA ZENYEWE

Motokaa za kale zijulikanazo sana Kenya ni Peugeot 404 na 504, Volkswagen yenye mgongo wa kobe, Datsun 1200, Land Rover, na zile za Kiingereza kama Morris na Austin. Namba ya motokaa hukusaidia kukisia umri wake. Motokaa zilizoandikishwa Kenya kabla ya mwaka 1989 zina herufi tatu na tarakimu tu. Herufi ya mwisho ilikuja na namba za mwaka huo na baada yake.

Peugeot 404 ilipata sifa yake njiani, si midomoni mwa wauzaji. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, mvua na matope viliacha motokaa 7 tu zikifika mwisho. Peugeot 504, iliyotokea mwaka 1968, ilichukua abiria wa safari ndefu, na pikapu yake ilibeba mazao ya shamba nyingi. Iliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi mwaka 2004, na ndiyo sababu mafundi wengi wanaijua.

Lakini usinunue sifa. Motokaa iliyo mbele yako siyo ile iliyoshinda. Hii imepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja ameacha alama yake.

Kabla ya kuipenda motokaa yoyote, nenda Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, ukaulize bei ya vitu 5 vya motokaa ya jinsi hiyo: masta silinda ya breki, klachi, pampu ya maji, gasketi ya kichwa, na bolijointi za mbele. (Volkswagen haina pampu ya maji, badala yake uliza kebo ya klachi.) Vikipatikana katika maduka mawili au matatu, motokaa hiyo ina chakula chake mjini. Ukiambiwa kila kitu kiagizwe ng'ambo, fikiri mara mbili.

ZIGAWE FEDHA KWANZA

Anayeanza hutumia fedha zake zote kununua, asibakize za kutengeneza. Shauri letu ni hili: katika kila shilingi 10 ulizo nazo, 5 ziwe za kununulia, 4 za kutengenezea, na 1 ya karatasi na bima. Ikiwa una shilingi 300,000, usitazame motokaa ya zaidi ya 150,000. Muuzaji akikuambia haihitaji kutengenezwa, mshukuru, lakini usiguse zile shilingi 4.

Tena jiulize: Je, motokaa hii ikilala miezi 6 bila kutembea, watoto watakosa karo au shamba litakosa mbegu? Ikiwa ndivyo, hujawa tayari. Ngoja mavuno mengine.

KARATASI

Mtu asiye na karatasi hana motokaa, ana mzigo wa chuma. Fanya mambo haya kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza, soma kitabu cha motokaa, yaani logbuku. Linganisha namba ya chesisi na namba ya injini zilizoandikwa humo na zile zilizogongwa kwenye chuma. Safisha mahali pa namba kwa kitambaa na mafuta ya taa. Ukiona chuma kimepigwa tupa, au namba zimepinda na hazilingani ukubwa, ondoka. Injini za motokaa za kale zimebadilishwa mara nyingi, na jambo hilo si kosa likiwa limeandikishwa. Lisipoandikishwa, taabu yake itakuwa yako.

Pili, omba taarifa rasmi ya motokaa hiyo kwa Mamlaka ya Taifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Taarifa hiyo itakuonyesha mwenye motokaa ni nani, na kama kuna mkopo unaoidai. Jina lililo hapo liwe ndilo la mtu unayempa fedha. Maneno ya "mwenyewe yuko safarini, mimi ni ndugu yake" yasikutoshe.

Tatu, sheria ya barabarani inasema kwamba motokaa ikiuzwa haitumiwi njiani zaidi ya siku 14 bila mwenyeji mpya kuandikishwa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa mtandao wa serikali, na muuzaji lazima aikubali kwa akaunti yake mwenyewe. Basi kaeni pamoja, jambo hilo lifanywe mbele ya macho yako, na sehemu ya mwisho ya bei itolewe baada yake.

Nne, kuna motokaa nyingi nzuri zilizolala mashambani, chini ya mwembe au nyuma ya ghala, ambazo mwenyewe alifariki zamani. Motokaa hiyo ni mali ya urithi. Mjane au mtoto hawezi kukuuzia kihalali mpaka mahakama imetoa hati ya kusimamia mirathi na kuithibitisha, na barua ya chifu peke yake haitoshi. Ukiwa wewe ndiwe mrithi, anza kazi hiyo mapema, kabla kuku hawajataga ndani ya motokaa ya baba.

KUTU

Kutu ni kama mchwa katika nguzo: nje pazuri, ndani unga. Fundi mjanja hujaza tundu kwa puti, akapiga msasa na kupaka rangi, na wewe usione kitu. Lakini puti haivutwi na sumaku. Chukua sumaku ndogo ya spika ya redio iliyoharibika, ifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi, uipitishe polepole kwenye bodi. Inaposhika pana chuma, na inapoteleza pana puti.

Tazama hasa sehemu hizi: chini ya milango, juu ya magurudumu, pembeni mwa kioo cha mbele, sakafu chini ya mazulia, na sakafu ya buti. Inua mazulia yote, hata muuzaji akikasirika. Katika Volkswagen ya mgongo wa kobe, inua kiti cha nyuma. Betri hukaa hapo chini, na asidi yake hula sakafu. Motokaa iliyokaa Mombasa au Malindi miaka mingi ichunguzwe mara mbili, maana hewa ya chumvi hula bati upesi.

Kumbuka kwamba Peugeot za saluni hazina chesisi ya mbali kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Basi omba motokaa iinuliwe kwa jeki upande mmoja, kisha fungua na kufunga mlango wa upande huo. Mlango ukikwama, au ukiona pengo lake limebadilika, mgongo wa motokaa umedhoofika. Iache hapo hapo.

INJINI NA BREKI

Nenda asubuhi, na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini ikiwa na moto, magonjwa mengi hujificha. Gusa boneti. Ukiikuta ina joto, uliza sababu.

Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi si ajabu, lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na huenda gasketi ya kichwa imeungua. Kisha washa, utazame moshi nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ringi za pistoni au valvu zimechoka. Moshi mweusi ni petroli nyingi mno, na mara nyingi kabureta ndiyo inayotaka kusafishwa. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani ya silinda.

Magonjwa haya yasikutishe sana, bali yashushe bei. Injini ya Peugeot 404 na 504, kwa mfano, ina laina za silinda zinazotolewa na kuwekwa nyingine pamoja na pistoni zake, bila kuchonga bloku. Fundi mwenye vipimo vyake hufanya kazi hiyo hapa hapa mjini.

Breki zipime mahali palipo wazi. Kanyaga pedali na uishikilie hesabu ya 30. Ikishuka polepole mpaka chini, mafuta yanapita mahali. Motokaa ikivutwa upande mmoja unapokanyaga, gurudumu moja halifanyi kazi sawa na mwenzake.

KUTENGENEZA KWA UTARATIBU

Watu wengi huanza na rangi na redio, kisha viti, na breki huzikumbuka mwisho. Fuata njia iliyo kinyume. Jogoo Road saa 12 jioni imejaa matatu, mikokoteni na watoto wanaovuka. Motokaa isiyosimama huko ni silaha.

1. Breki. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani kadiri miaka inavyopita, na maji hayo hutia kutu ndani ya silinda. Yatoe yote, na mipira yote ya breki ibadilishwe, hata ile inayoonekana mizima.

2. Usukani na magurudumu. Bolijointi zilizolegea zibadilishwe. Tairi usitazame meno yake tu, soma na umri wake. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu 4 za mwisho: 3518 maana yake ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi ya miaka 10 ni ya kutupa, hata kama meno yake yamejaa.

3. Petroli na nyaya. Hapa ndipo moto huanzia. Mipira ya petroli iliyokauka ipasuke siku moja juu ya injini ya moto, na motokaa huteketea. Volkswagen za nyuma zimeungua nyingi kwa sababu hiyo, kwa kuwa injini iko nyuma na dereva hauoni moto mapema. Kununua mita mbili za mpira mpya ni rahisi kuliko kununua motokaa nyingine.

4. Kupoza na oili. Radieta isafishwe na mipira yake ibadilishwe. Volkswagen haina maji, hupozwa kwa upepo wa feni, na mkanda mmoja ndio unaozungusha feni na dainamo. Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka njiani, simama papo hapo. Mkanda ukiwa umekatika na ukaendelea kwenda, injini itaungua. Oili yake ni lita 2 na nusu tu, basi ibadilishwe kila kilomita 5,000 bila kukosa. Na katika Peugeot 404, usikubali mtu atie oili yoyote tu kwenye difu. Gia yake ya nyuma ni ya shaba ya mchanganyiko, na dawa zilizomo katika baadhi ya oili za gia huila. Uliza ile iliyoagizwa katika kitabu cha motokaa hiyo.

5. Injini. Ikiwa motokaa imelala miaka mingi, usiipige stata wala usiivute kwa kamba. Toa plagi, mimina oili kidogo katika kila silinda, ngoja siku moja au mbili, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana. Petroli ya zamani imwagwe kwenye chombo, na tangi lisafishwe. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko na sigara. Jambo jingine: petroli yenye risasi iliondolewa Kenya mwisho wa mwaka 2005. Risasi ile ililinda makalio ya valvu katika injini za Kiingereza zenye kichwa cha chuma, kama Morris, Austin na Land Rover za zamani. Kichwa cha injini hiyo kikifunguliwa, mwambie fundi atie makalio magumu. Vichwa vya Peugeot na Volkswagen ni vya aluminiamu na vina makalio ya chuma yaliyotiwa tangu kiwandani.

6. Bodi. Kutu yote ikatwe mpaka chuma kizima, kisha bati jipya lichomelewe. Kufunika kutu kwa puti ni kuzika jeraha lenye usaha. Betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea, na tangi la petroli liondolewe kama kazi iko karibu nalo.

7. Rangi. Rangi huja mwisho kabisa. Ukibadilisha rangi ya asili au injini, peleka habari NTSA ili kumbukumbu zibadilishwe.

MAFUNDI

Eastlands ina mafundi hodari wa jua kali: wachomeleaji, mafundi wa bodi, wa umeme, wa kabureta. Kwa kazi ya mashini, kama kuchonga kichwa cha injini au ngoma za breki, karakana za Kariobangi Light Industries zinajulikana mji mzima. Tafuta fundi mwenye mvi aliyezoea motokaa ya jinsi yako. Kijana aliyefundishwa kwa motokaa za kompyuta anaweza asijue kupima nafasi ya pointi.

Patana naye kazi moja moja. Andikeni kazi ni ipi, bei ni ngapi, na itakwisha lini. Nunua vipuri mwenyewe, na uombe urudishiwe vile vya zamani, uone kwa macho yako kilichotolewa. Usitoe fedha zote mwanzoni. Na usiache motokaa yako nzima kwa fundi mwezi mzima bila kwenda kuitazama. Motokaa iliyosahauliwa hutolewa kabureta ikapewa nyingine.

Tena keti karibu naye, ukatazame na kuuliza. Kazi ya kubadilisha oili, kusafisha plagi na kukaza mkanda unaweza kujifunza katika Jumamosi chache. Lakini usiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki tu, wala juu ya matofali. Weka vigingi vya chuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

MAHALI PA KUIWEKA

Nyumba za Kaloleni zilijengwa katika miaka ya 1940, na hazikukusudiwa wenye motokaa. Buruburu, iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1970, ilipewa nafasi za motokaa, lakini leo zimesongamana. Basi kabla ya kununua, patana na wenye nyumba na majirani mahali itakapolala wakati wa kutengenezwa. Turubai peke yake haifai ikiwa imegusa bati, maana hushika unyevu. Inua turubai juu ya fito, upepo upite.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Mitaro mingi ya mitaa hii huishia katika mito ya Ngong na Nairobi, na kuna watu wanaonyweshea mboga maji hayo kule chini. Ikusanye kwenye mtungi umpelekee fundi.

KUMBUKA HAYA

Nunua bodi nzima na karatasi safi, hata kama injini imekufa. Bakiza fedha za kutengenezea. Anza na breki, maliza na rangi. Usiende njiani bila bima, hata kama ni kuvuka mtaa tu, maana sheria inaitaka kwa kila motokaa.

Mwisho, nunua daftari la shule. Kila kipuri, kila bei, kila kilomita na kila tarehe iandike humo, kama unavyoandika siku ng'ombe alipopandwa na maziwa aliyotoa. Daftari hilo litakuambia motokaa inakula kiasi gani, na siku ukitaka kuiuza litamwonyesha mnunuzi kwamba umeitunza. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.